Jiwe la Kamuriro

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu niliamini kwamba nimechoma nyumba ya jirani yetu, ingawa moto ulipowaka nilikuwa njiani natoka shule. Niliamini hivyo kwa miaka kumi na sita. Hakuna aliyenishtaki wala kunifunga. Waliniacha tu niamini, watu wazima waliojua ukweli tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Nimejaribu mara mbili kuyaandika kwa upole, nikachana karatasi.

Kwetu ni Kirushya, wilaya ya Ngara. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akaenda Mwanza kutafuta kazi, nikabaki na bibi mzaa baba. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya migomba, na migomba ilipoishia ulianza mteremko wa kilima tulichokiita Kamuriro, maana yake kamoto kadogo. Jina hilo lilitokana na mawe yake. Kulikuwa na korongo lililochimbwa na maji ya mvua, na humo, katikati ya mawe meupe yasiyo na kazi, ulipata mawe machache ya kijivu yanayokaribia weusi, laini ndani yakivunjika, yenye kingo zinazokata kidole kama wembe. Hayo ndiyo mawe ya moto. Ukiligonga moja kwa chuma kigumu, cheche ziliruka, na ukiwa umeandaa kitambaa kilichounguzwa kikawa cheusi, cheche moja ilitosha.

Tulikuwa tukitumia viberiti kama watu wengine wote. Mawe yalikuwa mambo ya wazee. Lakini wakimbizi walipoingia, kwanza Warundi, kisha Wanyarwanda kwa umati ambao sijauona tena maishani, vitu vilipotea madukani. Mwenye duka tuliyemzoea, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alituonyesha rafu tupu.

"Kiberiti, chumvi, sabuni, vyote vinaishia kambini, mama," alimwambia bibi. "Nikipata nitakuwekea."

Hakupata. Bibi akatoa darini kipande cha tupa ya zamani na kikopo cha vitambaa vyake, akanipeleka Kamuriro.

Tulikwenda asubuhi baada ya mvua kubwa, maji yakiwa yameosha udongo na kuacha mawe wazi. Nilikimbilia kila jiwe jeusi. "Usifuate rangi," bibi alisema. "Yakilowa yote yanafanana. Gonga, halafu nusa." Nikagonga, nikanusa. Lile la kweli lilitoa harufu kali, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Bibi aliinama mahali tulipolitoa, akaacha punje chache za ulezi, akafukia kwa kidole. Mawe yale, alisema, yana wenyewe, nao wamelala chini. Usiyahesabu. Usichukue mawili siku moja. Na sharti kubwa kuliko yote: jiwe la Kamuriro halitoki nje ya ukoo.

"Ukimpa mgeni, moto wake utarudi kukutafuta," alisema. "Na ukirudi hauji kupika."

Nilimwamini. Nilimpenda sana bibi yangu, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaonekana sikumpenda.

Wakati huo wakimbizi wengi walitoka kambini kufanya vibarua kwenye mashamba yetu. Bibi alimpata mwanamke mmoja Mrundi aliyekuja kulima maharage na kurudi na ndizi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mtoto wa kike mgongoni, na alishika jembe kama mtu aliyekuwa na shamba lake mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa kweli hadi alipovuka mto Ruvubu akikimbia. Bibi alimwita Mrundi wangu. Majirani walimwita yule Mrundi. Mimi nilimuuliza jina, akaniambia anaitwa Konsolata, na mtoto ni Ineza. Kihangaza chetu na Kirundi chake vinasikilizana, kwa hiyo tuliongea bila taabu.

Siku moja ya mvua alikuja amechoka kuliko kawaida. Bibi alikuwa amekwenda msibani, mimi nilikuwa jikoni. Alikaa karibu na mafiga, akamfungua Ineza, nikaona mtoto anatetemeka. Nguo zake zilikuwa mbichi.

"Kule kwenye maturubai maji yanapita chini," Konsolata alisema. "Moto wetu umezimika siku ya tatu leo. Juzi nilibeba makaa kutoka hapa kwenye kigae, mvua ikanikuta njiani."

"Majirani zako hawana moto?"

"Wana moto leo, kesho hawana. Kuni zenyewe mbichi." Alimsugua mtoto miguu. "Kwetu baba yangu aliwasha kwa jiwe. Najua kuwasha. Kisu ninacho. Jiwe ndilo sina."

Nilimtazama Ineza, midomo yake ilivyokuwa imepauka. Kisha nikachukua punje za ulezi kwenye kibuyu, nikatoka kwenye mvua, nikapanda hadi kwenye korongo. Nilitafuta kwa muda mrefu. Nilipolipata jiwe zuri, kubwa kama yai la bata, niliacha ulezi kama nilivyofundishwa, nikasema kimyakimya kwamba huyu si mgeni sana, analima shamba letu.

Konsolata alilipokea kwa mikono miwili. Alichomoa kisu, akaligonga kwa mgongo wake mara moja tu, na cheche zikamwagika kwenye kiganja chake. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka, na jino moja la mbele lilikuwa limevunjika.

"Bibi yako anajua?" aliuliza.

"Anajua," nikasema. Nilidanganya.

Wiki tatu zilipita. Mvua zilikatika, jua likawaka, Konsolata akawa anakuja kuvuna maharage aliyoyalima. Ineza alinenepa kidogo. Nilianza kusahau hofu yangu.

Siku ya moto nilikuwa natoka shule mchana. Niliona moshi tangu bondeni, mweusi, mnene, ukipanda moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na upepo. Nilikimbia. Nyumba iliyokuwa ikiungua ilikuwa ya Mama Feliksi, mjane aliyepakana na baba mdogo Simeo, mtoto wa mwisho wa bibi. Paa lake la nyasi lilikuwa limekwisha kuanguka ndani. Banda la baba mdogo, lililokuwa hatua chache kutoka hapo, lilikuwa limebaki nguzo. Watu walirusha udongo na vigogo vya migomba. Mama Feliksi alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha. Maharage yake yote ya msimu yalikuwa ndani. Mbuzi wake wawili walikuwa ndani.

Nilimwona baba mdogo Simeo akitokea kwenye migomba. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, hazikuwapo kabisa, na mkono wake mmoja ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko. Nyuma yake, chini ya majani makavu aliyoyarundika haraka, niliona ubavu wa pipa na ncha ya bomba la shaba lililopinda. Niliviona. Nina hakika hadi leo kwamba niliviona. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na sikujua kwamba kutazama ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine.

Watu walianza kuulizana moto umetoka wapi. Baba mdogo ndiye aliyejibu.

"Yule Mrundi amepita hapa asubuhi," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa na moto."

Konsolata alikuwa shambani kwetu. Wanaume wawili wa sungusungu walikwenda kumleta, naye akaja bila kushikwa, akiwa na mtoto mgongoni na majani ya maharage mikononi, akidhani anaitwa kusaidia. Walimpekua. Kwenye fundo la kitenge chake wakakuta kisu na jiwe.

Kamanda wa sungusungu aliliinua jiwe lile juu. Bibi alikuwa amefika. Alilitazama, na watu wote wakamtazama yeye, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeyajua mawe kama bibi.

"Ni la Kamuriro," bibi alisema.

"Umempa wewe?"

"Sikumpa."

"Basi nani?"

Ningeweza kunyamaza. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama ningenyamaza. Nilisema, "Mimi."

Bibi akanigeukia. Hakunipiga. Alisema neno moja tu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Nilisema."

Neno hilo lilitosha. Kabla ya hapo palikuwa na watu waliokuwa na shaka, nilisikia mama mmoja akisema kwamba jiwe likiwa kwenye kitenge haliwezi kuchoma paa. Baada ya hapo shaka ilikwisha. Jiwe la Kamuriro lilikuwa mkononi mwa mgeni, moto umekuja kulitafuta, umechoma ulipoona pa kuchoma. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni akipuliza mkono wake ulioungua, na hakuna aliyemuuliza hata kuhusu mkono huo.

Walimpiga Konsolata kwa fimbo. Mtu mmoja alikuwa amemfungua Ineza mgongoni, akampa mwanamke amshike. Halafu kamanda akasema mkono uliowasha usiwashe tena. Wakamlaza kiganja cha kulia juu ya jiwe la kusagia la Mama Feliksi, na kamanda akatumia jiwe lilelile, lile nililolichagua mimi kwa kuwa lilikuwa zuri. Aligonga mara tatu. Sitaandika sauti ile.

Kabla hawajagonga, Konsolata alisema maneno ambayo yamekaa nami kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo. Hakuomba msamaha, kwa sababu hakuwa na kosa. Alinitazama, kisha akamtazama kamanda, akasema kwa Kirundi, taratibu, kwamba huyo mtoto msimpige, mtoto hana kosa lolote.

Mwanamke aliyekuwa hana mtu wa kumtetea alinitetea mimi. Bibi yangu alikuwa amesimama hapo hapo.

Konsolata aliondoka akiwa amefunga mkono kwa kitenge, Ineza akilia, akashika njia ya kambini. Hakurudi tena shambani. Maharage aliyoyavuna yalibaki yametandazwa uani kwetu, na sisi tukayala.

Kesho yake bibi alinipandisha Kamuriro na lile jiwe. Nililirudisha kwenye korongo, nikapiga magoti kwenye tope lililokauka, nikaomba msamaha kwa maneno aliyonitamkia moja moja. Niliwaomba msamaha wafu, wakati aliyeumizwa alikuwa hai, yuko mwendo wa saa tatu tu kwa miguu. Halafu nilipelekwa kwa Mama Feliksi nikiwa na kikapu cha mahindi, nikamwomba msamaha na yeye. Alinishika kichwa, akasema, "Yameisha, mwanangu." Baba mdogo Simeo alimjengea nyumba mpya, ya bati, na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Mimi pia nilimsifu.

Nilikua nikiogopa moto. Sikuwasha jiko hadi nilipofika sekondari, nikakubali kuitwa mvivu. Nilipokuwa nimelala niliwaona mbuzi wa Mama Feliksi. Wakimbizi walirudishwa kwao, kambi zikafungwa, vilima vikabaki vipara, kiberiti kikarudi dukani. Hakuna aliyemtaja Konsolata. Mimi niliendelea kumtaja moyoni, nikimwomba radhi kwa kumpa kitu kilichomvunja mkono.

Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huko Nemba, wilaya ya Biharamulo, na ndiko ninakofundisha hadi sasa. Mwaka wa tatu wa kazi nilirudi Kirushya kwenye harusi ya binamu yangu. Mchana, baada ya chakula, wanaume walikaa kwenye kivuli cha turubai wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, nami nilikuwa napita na sahani. Baba mdogo Simeo alikuwa akisimulia mambo ya zamani, miaka ile kila kitu kilipokuwa kinauzika kambini.

"Gongo ndiyo ilikuwa gongo," alisema. "Nilikuwa napika pipa zima. Siku ile lilipopasuka, mvuke ukashika moto, nikaona moto unatembea hewani kama nyoka. Nyusi zote zikaondoka." Akajipangusa nyusi kwa vidole. "Bahati yangu yule Mrundi alikuwa na kijiwe chake."

Walicheka. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakuna aliyeshtuka. Walicheka kicheko cha watu wanaosikia kisa wanachokijua tayari.

Niliweka sahani chini, nikaenda jikoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya ndizi, amezeeka, macho yamepata ukungu. Wanawake wengine walikuwa nje. Nikamuuliza kama alijua.

Aliendelea kumenya. "Nilijua alipotoka kwenye migomba," alisema. "Nilisikia harufu ya gongo kwenye nguo zake."

"Kabla ya kuulizwa kuhusu jiwe, au baada?"

"Kabla."

"Na ukasema, Nilisema."

"Si nilikuwa nimesema?" Aliweka ndizi chini. "Ulitaka nifanye nini? Wangempeleka polisi. Ni mwanangu, nimemzaa mimi. Yule alikuwa na kwao."

"Kwao alikimbia, bibi. Hakuwa na kwao."

Aliichukua tena ile ndizi.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi si wako?"

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Watoto husahau."

Nilitamani kupiga kelele, nikashindwa. Nilimwambia kwamba sikusahau hata siku moja, kwamba nimelala na moto ule miaka kumi na sita. Aliinua mkono kunitafuta usoni, kwa kuwa hakuwa akiniona vizuri, nami nikarudi nyuma hatua moja. Mkono wake ukabaki hewani. Niliondoka Kirushya jioni ile kabla bibi harusi hajatoka.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kuzika. Nililia kwelikweli, na nililia kwa hasira, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kipi. Najua tu kwamba aliamini mawe yale kwa moyo wake wote. Hakuwa mnafiki juu ya Kamuriro. Aliacha ulezi kwenye korongo hadi miguu ilipokataa. Watu hunicheka nikisema kwamba siichukii imani ile. Haikumvunja mtu mkono. Ilikuwa na masharti, na masharti yale yalitufundisha kuchukua kidogo na kushukuru. Lakini siku moja mtu mmoja alihitaji pa kujificha, naye akajificha nyuma yake, na mwenye imani akamfungulia mlango. Hilo ndilo ninalolichukia. Ingekuwa siku nyingine wangetumia kitu kingine, Biblia, au sheria, au kabila.

Nilimtafuta Konsolata. Niliuliza Warundi waliobaki na kuolewa huku, niliwaomba wafanyabiashara wanaovuka mpaka waulizie. Jina hilo wanalo wanawake wengi, na nikisema mkono wa kulia umevunjika, wananiambia wenye mikono iliyovunjika nao ni wengi. Sijampata.

Mwaka jana baba mdogo Simeo alikuja Nemba. Amezeeka, anatembea na fimbo, na alikuja kuniomba nimpokee mjukuu wake asome shuleni kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kiti na chai. Mtoto nilikubali kumpokea bila maneno, kwa sababu mtoto hana kosa. Halafu nikamwambia kwamba kuna jambo moja.

"Ni kuhusu yule mwanamke wa jiwe."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu," alisema. "Hata bibi yako ametangulia. Tuyaache."

"Sikuombi ulie, baba. Nataka uniambie tu aliitwa nani."

Alifikiri. Nilimwona akitafuta kweli, akikunja uso, akihangaika kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mjukuu alikuwa akimtazama.

"Sikumbuki," alisema mwishowe.

"Hukumbuki, au hukuwahi kujua?"

Alizungusha kikombe mezani. "Sikuwahi kuuliza."

"Konsolata," nikamwambia. "Na mtoto wake, Ineza. Sema."

Alishika fimbo yake hata nikadhani atanyanyuka aondoke. Nilikuwa tayari aondoke. Kisha akayasema majina hayo mawili, kwa sauti ya chini, mbele ya mjukuu wake. Hasira yangu haikupungua, na sitasema uongo kwamba ilipungua. Lakini hadi dakika ile, katika ukoo wetu mzima, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiyajua.